Unafiki na kujikinai katika maisha ya Mkristo: dalili, vyanzo na namna ya kutoka

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaa kanisani muda mrefu: mzee wa kanisa, mwanakwaya, mama wa umoja wa wanawake, mwalimu wa shule ya Jumapili, kiongozi wa jumuiya, mchungaji. Aliyeokoka juzi ana vita vyake vingine. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa huwapata zaidi waliozoea, waliokwisha kuaminiwa, wale ambao wakianza kuomba kila mtu ananyamaza awasikilize.

Ugumu wake uko kwenye vipimo. Mkristo akitaka kujua hali yake ya kiroho hujiuliza: naomba? Nafunga? Natoa? Nahudhuria ibada? Lakini fungua Mathayo sura ya 6. Sadaka, sala na kufunga ndivyo hasa Yesu alivyovitaja alipowaonya wanafunzi wake juu ya unafiki. Hakutaja ulevi wala wizi. Kwa hiyo mtu anaweza kujibu ndiyo kwa maswali yote manne na bado akawa mgonjwa sana. Inabidi tutafute vipimo mahali pengine, na mahali penyewe ni kwa watu wanaoishi nawe, hasa wale ambao hawana uwezo wa kukufanya lolote.

Kwanza tenganisha magonjwa mawili

Tumezoea kuyaita yote unafiki, na ndiyo maana tiba nyingi hazifanyi kazi.

Mnafiki anajua anachoficha. Anania na Safira, katika Matendo 5, waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya thamani yake, wakaleta iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ni yote. Petro alimwambia Anania wazi kwamba mali ilikuwa yao kabla ya kuuzwa, na fedha ilikuwa mikononi mwao baada ya kuuzwa. Hawakulazimishwa kutoa hata senti. Wangeweza kusema, "Tumeleta nusu," na wangeshukuriwa kwa nusu. Walichotaka ni jina la watu waliotoa vyote, kwa bei ya nusu.

Mwenye kujikinai, yaani anayejiona mwenye haki, hajui. Farisayo wa Luka 18 aliposimama hekaluni hakusema uongo wowote tunaoweza kuuonyesha. Siku ya kufunga ambayo torati iliagiza kwa taifa zima ilikuwa moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma, na alitoa zaka katika mapato yake yote. Hata alianza kwa kushukuru: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Yesu hasemi kwamba mtu huyu alikuwa mzinzi wa siri. Anasema alishuka nyumbani bila kuhesabiwa haki, na Luka anatuambia mfano ulitolewa kwa nani: watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote."

Kwa hiyo mnafiki anahitaji kusema kweli. Lakini ukimwambia mwenye kujikinai "kuwa mkweli," atakujibu kwa dhamiri safi kabisa kwamba yeye ni mkweli, na atashangaa unamwambia nini. Huyu anahitaji kuonyeshwa asichokiona, na mara nyingi anayemwonyesha ni mtu mwingine.

Jipime hivi. Fikiria jambo moja ambalo likisomwa kwenye matangazo Jumapili ijayo hutaweza kuinua uso. Kama lipo na umelizungushia uzio wa maneno mazuri, anza na unafiki. Kama umetafuta kwa uaminifu na huoni kitu, huoni dhambi yoyote ya juma hili wala ya mwezi huu, anza na kujikinai. Wengi wetu tuna yote mawili, kila moja kwenye chumba chake.

Dalili: nyumbani wewe ni mtu mwingine

Hii ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote, na ningekuwa na nafasi ya kuandika moja tu ningeandika hii.

Angalia nyumba moja Jumapili asubuhi. Mama yuko kwenye umoja wa wanawake, baba ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi. Dada wa kazi ameamka saa kumi na moja alfajiri, amepasha maji, amepiga pasi sare ya kwaya, amewavisha watoto. Familia inapanda gari kwenda ibada ya kwanza. Yeye anabaki na vyombo, na kanisani haendi kwa sababu chakula cha mchana lazima kiwe tayari. Mshahara wake wa mwezi uliopita haujalipwa. Ameambiwa avumilie, mambo yamebana. Asubuhi hiyohiyo bahasha ya ahadi ya ujenzi imewekwa kwenye kapu ikiwa kamili, na jina limesomwa.

Waliomo kwenye gari hilo wanampenda Mungu kweli. Wangeumia wakiambiwa ni wanafiki. Lakini Isaya 58 inazungumza nao moja kwa moja: watu wanaofunga na kuuliza kwa nini Mungu haoni, huku siku ileile ya kufunga wanawalemea wanaowafanyia kazi. Na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tuliona tumetoa kwa Mungu. Kumbe sehemu ya fedha ile ilikuwa ya binti wa watu aliyetoka Singida au Kitui kutafuta riziki.

Chanzo chake ni kwamba ibada imechukua nafasi ya wajibu. Kanisani kuna macho, na kuna anayesoma majina. Jikoni hakuna. Moyo hujifunza haraka mahali penye thawabu, na Yesu alisema juu ya wanaotafuta kuonekana, "Wamekwisha kupata thawabu yao."

La kufanya: lipa deni kabla ya kutoa sadaka nyingine. Mathayo 5:23-24 imeweka utaratibu huo; sadaka inaachwa mbele ya madhabahu, unakwenda kupatana kwanza, ndipo unarudi. Usimlipe kimyakimya kana kwamba unamfadhili. Mwambie, "Dada, nilikucheleweshea haki yako, nilikosa, naomba unisamehe." Kisha mpe Jumapili yake.

Baada ya hapo uliza watu wa nyumbani swali moja, wakati mmetulia, wala si katikati ya ugomvi: "Nikirudi kutoka kanisani, mnafurahi au mnajipanga?" Mke, mume na watoto wanajua jibu. Mtoto akinyamaza na kumtazama mama yake kwanza, hilo pia ni jibu. Usijitetee siku hiyo. Ukijitetea hawatakwambia tena.

Dalili: ushuhuda wako wote ni wa zamani

Sikiliza unapopewa nafasi ya kushuhudia. Kama kila dhambi unayoitaja ilitendeka "kabla sijaokoka", na wokovu wenyewe una miaka ishirini, kuna jambo. Miaka ishirini yote bila kukosea? Au kukosea kupo, ila kumepoteza jina?

Kanda yetu ina historia inayofaa kukumbukwa hapa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kwa watu waliokwisha kuwa Wakristo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu, wote wawili walikuwa wa kanisa. Walisoma Maandiko pamoja na kuomba. Katika miaka ya 1930 moto ukasambaa kutoka Gahini na Uganda hadi Kenya, Tanganyika na Burundi, ukiimbwa kwa "Tukutendereza Yesu", wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Kilichowashangaza watu ni kwamba waliokuwa wakitubu ni wabatizwa, walimu, wahudumu wa hospitali na wachungaji, na walitaja mambo kwa majina: nilimchukia fulani, niliiba dawa, nilidanganya hesabu. Walirudisha vilivyoibwa na kulipa madeni. Mwafrika na mzungu waliombana radhi kwa dharau waliyokuwa wameificha chini ya utumishi, jambo ambalo katika siku za ukoloni halikuwa dogo.

Kuungama huko walikuita "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7. Mtu aliulizwa habari zake za leo na Bwana, za juzi zilikuwa zimepita. Toba yao haikuishia siku ya kuokoka.

Wengi wetu tumerithi nyimbo za wazee wale na salamu zao, kule kuungama tukakuacha njiani. Tumebaki na ushuhuda wa mwaka tuliookoka, ambao tunausimulia vizuri zaidi kila mwaka.

La kufanya: tafuta ndugu mmoja, wa jinsia yako, anayejua kunyamaza, mkutane kila baada ya muda mnaoweza kuutunza. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana. Taja dhambi kwa jina lake. "Nina mapungufu kama binadamu wengine" haihesabiki kuwa kuungama, kwa kuwa haimgharimu mtu lolote. "Nilimwambia mteja mzigo umeshatoka bandarini nikijua haujatoka" ni kuungama, na hapohapo kunakuonyesha nani wa kumpigia simu. Usiipeleke mbele ya kusanyiko dhambi ambayo kusanyiko haliijui. Kuungama nako hugeuka onyesho, na mara nyingine humvua nguo mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa.

Dalili: maombi yako yamejaa makosa ya wengine

"Wapendwa, tumwombee dada yetu fulani, sitaki kusema mengi, lakini Bwana anajua yanayoendelea kwenye ndoa yake." Ujumbe umeingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha maombi, na kabla ya jioni kila mtu amejua mengi ambayo hayakusemwa.

Hapa chanzo ni rahisi: kusengenya kumevaa vazi la maombi. La kufanya pia ni rahisi, japo linauma. Mathayo 18:15 inasema ukamwonye "wewe na yeye peke yenu". Kama hujazungumza naye, huna ruhusa ya kumzungumzia. Kama umeshatuma, futa, na umfuate mwenyewe umwombe radhi kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Dalili: dhambi fulani ya mwenzako inakuchoma kupita kiasi

Kuna hasira takatifu. Lakini kuna hasira ambayo ukubwa wake haulingani na kosa, na hiyo inastahili kuchunguzwa.

Nabii Nathani alipomsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, mfalme aliwaka. Alisema mtu huyo amestahili kufa, na arudishe mara nne. Torati ilidai kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa, kifo haikudai. Daudi aliongeza adhabu ya kifo kwa wizi wa kondoo, akiwa amelala na mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa Waamoni. "Wewe ndiwe mtu huyo." Kabla yake kulikuwa na Yuda, katika Mwanzo 38. Alipoambiwa kwamba Tamari mkwewe ana mimba ya uzinzi, aliamuru atolewe akateketezwe. Kisha Tamari akatoa muhuri, kamba na fimbo, vitu vya mwanamume aliyempa mimba. Vilikuwa vya Yuda. Namheshimu Yuda kwa alichosema hapo, maana angeweza kuamuru moto uwashwe haraka zaidi: yeye ni mwenye haki kuliko mimi.

Sasa tulete jambo hili kwetu. Katika sharika nyingi kuna Jumapili ya kurudi kundini, waliotengwa wanapopokelewa tena ili washiriki Chakula cha Bwana. Binti amesimama mbele, kitenge kimefungwa, mtoto yuko mgongoni, macho yako sakafuni. Anaulizwa maswali ya kitabu cha ibada na anajibu kwa sauti isiyofika safu ya pili. Kijana aliyempa mimba amesimama hatua chache kutoka kwake, kwenye kwaya, joho limenyooshwa, anaimba besi. Hakuna aliyemwita. Mimba ilionekana kwa binti; kwake hakuna kilichoonekana.

Wale walioleta mwanamke kwa Yesu katika Yohana 8 walisema alifumaniwa katika tendo lilelile. Mtu hafumaniwi peke yake, na Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume hakuletwa. Ukiwa mzee wa kanisa na unashiriki kikao cha kutenga mtu, swali la kwanza mezani liwe hili: mwingine yuko wapi? Siandiki haya kupinga nidhamu ya kanisa. Paulo aliidai huko Korintho. Lakini nidhamu inayowapata wasichana pekee, na maskini pekee, na wasio na mjomba kwenye halmashauri, ni onyesho la usafi wetu tunalolipia kwa aibu ya mtoto wa mwenzetu.

Chanzo kwa mtu binafsi: tunaipiga kwa mwingine ile tunayoiogopa ndani yetu, au tunapunguza uzito wa zetu kwa kuongeza wa zake. La kufanya: kabla ya kumkemea mtu, andika mahali pa siri namna dhambi hiyo, au ndugu yake wa karibu, inavyoishi ndani yako. Uzinzi una ndugu yake ndani ya simu. Wizi una ndugu yake kwenye risiti ya ofisini. Kisha ndipo uende, kwa Wagalatia 6:1, kumrejeza mwenzako kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako. Yesu hakusema tuache kibanzi ndani ya jicho la ndugu. Alisema toa kwanza boriti, ndipo utakapoona vema kukitoa.

Dalili: mwenye dhambi akirudi, hufurahii

Ndugu mkubwa wa Luka 15 hamwiti mdogo wake "ndugu yangu". Anasema "huyu mwana wako". Baba anamrudishia: "huyu ndugu yako". Yesu hatuambii kama aliingia kwenye karamu.

Ukijikuta unasema, "Tutaona kama atadumu," au unahesabu miaka uliyotumika bila kuandaliwa hata mbuzi, chanzo ni kwamba ulikuwa ukitumika kwa mshahara. Unaona aliyeingia saa ya mwisho amekuibia. Njia ya kutoka ni kukumbuka deni lako mwenyewe kwa kina. Simoni Farisayo, katika Luka 7, alimkaribisha Yesu bila maji ya miguu, bila busu, bila mafuta. Mwanamke mwenye dhambi alileta vyote. Yesu akaeleza kwa wadeni wawili, wa dinari 500 na wa dinari 50, kisha akasema: "asamehewaye kidogo, huyo hupenda kidogo." Upendo wako ukipoa, kagua hesabu yako ya msamaha. Huenda umeipunguza.

Dalili: msimamo wako unategemea nani yupo chumbani

Hii ni ya unafiki halisi, na mgonjwa wake maarufu ni mtume. Petro alikuwa ameona maono ya Yafa, ameingia nyumbani kwa Kornelio, ameshuhudia Roho akiwashukia Mataifa. Antiokia alikula nao bila wasiwasi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akarudi nyuma, akajitenga, "akiwaogopa waliotahiriwa". Wengine wakamfuata, "hata Barnaba". Paulo alimpinga mbele ya wote, kwa sababu madhara yalikuwa mbele ya wote.

Tazama chanzo alichokiandika Paulo: hofu. Petro hakubadili mafundisho. Alibadili meza. Unafiki mwingi wa watu wema unatokana na kuogopa kundi lao wenyewe. Kuna Mkristo anayemsalimia jirani yake Mwislamu kwa furaha wakiwa wawili, lakini wapendwa wakianza kuwasema Waislamu anacheka nao. Yuko anayesema kikabila nyumbani na kuhubiri umoja madhabahuni. Yuko pia anayejua kwamba hesabu za harambee hazikukaa sawa, akanyamaza kwa kuwa mweka hazina ni rafiki wa askofu.

Kumwambia mtu wa namna hii ajinyenyekeze hakumsaidii. Tayari amejikunja mno. Anahitaji ujasiri. Aanze na jambo dogo: kusema mbele ya kundi neno lilelile alilolisema faraghani, mara moja, kwa adabu. Na kama ulimkana mtu mezani, rudi ukale naye, wenzako wakiona.

Kengele za uongo

Si kila anayejiita mnafiki ni mnafiki. Kijana anayeanguka kwenye picha chafu, akalia, akamweleza mchungaji, akaanguka tena, yuko vitani. Anayepigana na kusema kweli hajaficha kitu. Usimwambie aache kuimba mpaka awe msafi, maana atajifunza kuficha. Vivyo hivyo, anayeomba bila kuhisi lolote hadanganyi. Zaburi zimejaa watu walioomba hivyo.

Kwa upande mwingine, "usihukumu" limekuwa kimbilio la wanaotaka wasiguswe. Anayempiga mke wake, akionywa, husema wazee wanajihesabia haki. Neno hilo la "usihukumu" limeondolewa mahali pake. Sura ileile ya Mathayo 7 inatuambia tuwatambue watu kwa matunda yao.

Tiba ambazo hazisaidii

Kuongeza mifungo na mikesha. Kama kujikinai kwako kunakula ibada, ukiongeza ibada umekiongezea chakula. Funga kama kawaida, lakini usitegemee kufunga kukuondolee jambo hili.

Kujidharau kwa maneno. "Mimi si kitu, ni mavumbi tu," huku tukisubiri mtu atukatalie. Anayejua kweli hali yake huikubali mwingine anapoitaja.

Kuhama kanisa kwa sababu lina wanafiki. Nawaelewa walioumizwa, na wapo wanaopaswa kuondoka kwa usalama wao. Lakini anayehama usharika wa tatu akitafuta watu safi asome tena sala ya yule Farisayo, aone kama haianzi kufanana na yake.

Kinachosaidia tumekwisha kukitaja kipande kwa kipande: kukiri kwa jina la dhambi, kwa mtu uliyemkosea, na kurejesha. Zakayo aliahidi nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowanyang'anya, na Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Ongeza jambo moja: fanya wema ambao hauwezi kujulikana. Lipa ada ya mtoto wa mtu kupitia mhasibu wa shule, bila jina, na usimwambie hata mke wako ili akusifu. Ukiona ni vigumu sana kulinyamazia, umepata kipimo cha hali yako. Na uombe Zaburi 139:23-24 polepole, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu," kisha wiki hiyo umpokee yeyote atakayekukosoa kama sehemu ya jibu, hata akikosoa vibaya.

Tusiache lililo chini ya yote. Mtoza ushuru hakuhesabiwa haki kwa sababu alijipiga kifua vizuri. Aliomba arehemiwe, akarehemiwa. Mtu anayeamini kwamba Kristo amembeba mzima mzima, pamoja na aibu yake, hana sababu ya kulinda sura. Tunaficha kwa kuwa bado tunadhani tutapendwa kwa kiasi tunachoonekana wema.

Kanisa zima likiugua

Wakati mwingine ugonjwa uko kwenye mfumo. Katika Marko 7 Yesu alitaja Korbani: mtu aliweza kuitamka mali yake kuwa wakfu na hivyo kuwanyima wazazi wake, na walimu wa dini wakabariki. Kwetu dalili yake ni msiba ambamo wafiwa wanaulizwa namba ya bahasha ya marehemu na mahudhurio yake jumuiyani kabla ya kuambiwa pole. Utaratibu wa michango una sababu zake. Kanisa lina bili. Lakini zaka ya mnanaa, bizari na jira haikupaswa kuwekwa juu ya adili, rehema na imani, na Yesu alisema hivyo bila kuifuta zaka.

Baya kuliko hilo ni kuficha. Mtoto amedhalilishwa na mwalimu wa shule ya Jumapili, au mhudumu fulani amemsumbua binti wa kwaya, na kikao kinaamua "tusilichafue jina la Bwana". Jina la Bwana linachafuliwa na kikao hicho. Kumtaka mtoto asamehe ili mkubwa aendelee kuhudumu ni kumbebesha mzigo wetu. Mtuhumiwa aondolewe kwenye huduma siku hiyohiyo, wala asipewe barua ya uhamisho kwenda usharika mwingine wenye watoto wengine. Nchini Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia. Jambo likiwa la jinai, wazee hawana mamlaka ya kupiga kura kama litafika huko. Kazi yao ni kuhakikisha mtoto na mzazi wake wanasindikizwa, nauli imepatikana, na mtu wa kanisa anakaa nao kwenye benchi mpaka maelezo yaandikwe.